Mfiwa Aliyefika Kitui: Khabari za Daktari Krapf

Wako ndugu zetu ambao likitajwa jina la Krapf hukunja uso, wakasema: Mtu huyu alikuja pwani yetu kwa kutaka kuwageuza watu dini, basi na tuseme nini juu yake? Sisi hatukatai kwamba alikuja kwa kazi hiyo. Alikuja nayo dhahiri, wala hakuificha kwa Sultani wala kwa kadhi. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha tufanye uadilifu hata kwa wale tunaokhitalifiana nao, na uadilifu hauanzi mpaka mtu ajue khabari za mwenziwe sawasawa. Tena hatukumchagua mtu huyu kwa ajili ya mahubiri yake. Tumemchagua kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Katika watu wa zamani waliokanyaga ardhi ya Kitui na Makueni na khabari zao zikaandikwa, hatumjui aliyefika huko akiwa amefiwa kuliko yeye, wala aliyebakia peke yake, bila ya mwenzi wala maji wala chakula, kisha akatoka mzima. Na jina la Rahmani, kama tunavyofunza watoto wetu chuoni, ni jina la rehema inayowaenea viumbe wote, si sisi peke yetu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Ujerumani ya kusini. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo si yeye aliyelitenda, na kwa kipigo kile akaugua muda wa kama nusu mwaka. Mtoto alilala kitandani hana la kufanya ila kusoma, na vitabu alivyosoma vilikuwa vya dini. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alihesabu ule ugonjwa kuwa ndio mwanzo wa njia yake. Twalitaja hili kwa kuwa wazee wengi humwona mtoto mgonjwa kuwa ni mtu asiyekuwa na kazi yoyote, kumbe huenda saa ile ndiyo moyo wake unaandikwa.

Baadaye alisoma katika chuo cha wamishonari cha Basel, akaingia katika chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society, na mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi. Huko alikaa miaka kadha, khasa katika nchi ya Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, mpaka mambo yakamharibikia akashindwa kurejea. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kuingia Uhabeshi tena, mwaka 1843, mke wake alishikwa na utungu njiani, katika jangwa la Washoho, kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa wa kike. Hakuishi. Wakampa jina la Eneba, ambalo maana yake katika lugha ya Kihabeshi ni chozi. Wakamzika pale pale na safari ikaendelea, maana jangwani hapana pa kukaa matanga.

Wakaiacha Uhabeshi, wakashika njia ya bahari kuja upande wetu. Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliwapokea kwa heshima, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, akimtaja kuwa ni mtu wa dini na kutaka atendewe wema. Tuangalie jambo hili: mtawala Mwislamu alimjua mgeni wake kuwa ni Mkristo na kazi yake akaijua, na juu ya hayo akamwandikia barua ya amani. Kwa barua ile Krapf akakaa Mombasa, na mwezi wa Juni 1844 akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin, mtu wa asili ya Barawa, ambaye Krapf alimsifu kwa elimu yake. Waliketi pamoja, huyu na dini yake na huyu na dini yake, wakipima maneno. Wako leo watu wa elimu ambao hawawezi kuketi pamoja hata na imamu wa msikiti wa pili.

Haukupita mwezi na siku chache tangu kuanza kazi ile, homa ikaingia nyumbani kwake. Ilimshika yeye kwanza. Kisha ikamshika mke wake, naye siku zake za kujifungua zimekwisha karibia. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alizaa mtoto wa kike, na siku chache baada ya kuzaa akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Hakuwa na nguvu za kusimama vizuri ili ahakikishe kwamba roho ya mke wake imetoka kweli. Baada ya mama, mtoto naye akafuata. Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani bali upande wa bara, mahali ambapo wasafiri hupita, basi akavushwa maji akazikwa huko, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwanawe karibu naye.

Basi mtu huyu katika muda wa miaka miwili alioa, akazika mtoto jangwani, akazika mke na mtoto wa pili katika nchi ambayo hana ndugu wala jamaa, naye mwenyewe ni mgonjwa. Kwa kadiri ya akili za watu ilikuwa ni haki yake apande jahazi arudi kwao. Wakubwa wa chama chake wasingalimlaumu. Lakini hakurudi. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile katika ufuko wa Afrika ya Mashariki ni alama ya kuwa kazi imeanza, si alama ya kuwa imekwisha.

Hapa ndipo panapotaka kufikiriwa, kwa sababu watu wengi hukosea maana ya faraja. Hudhani kwamba Mwenyezi Mungu akimfariji mja wake humrudishia alichopoteza, au humfanya asahau. La. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alikuwa Nabii, na alilia mpaka macho yake yakapofuka kwa kumhuzunikia Yusuf, wala hakuambiwa kuwa kulia kwake ni upungufu wa imani. Yusuf alirudishwa, lakini baada ya miaka mingi ya machozi, na katika miaka hiyo Mola wake hakuwa mbali naye hata siku moja. Faraja iliyomfikia Krapf katika mwaka ule 1844 haikuwa ya kurudishiwa mtu. Ilikuwa ni kupewa nguvu ya kuinuka siku ya pili. Na mwenye kufiwa akipewa hiyo amepewa kitu kikubwa, ijapokuwa majirani hawakioni.

Na sisi tumezoea kumfariji mfiwa kwa kumtia gharama. Mjane hajamaliza kuosha macho yake, tayari huulizwa mchele u wapi na mbuzi yu wapi, na wageni wa siku tatu hula akiba ya mayatima. Tumekwisha kuyasema hayo katika kurasa hizi, hatutayarudia.

Miaka miwili alikaa Mombasa peke yake. Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake Johannes Rebmann, naye pia Mjerumani, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai Mpya juu ya vilima, kwa Wanyika. Walihamia hali wote wawili wana homa, hata kupanda kilima ilikuwa ni kazi. Katika wote waliohubiriwa huko, aliyewaelekea kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema na maskini ambaye wenziwe hawakumhesabu kuwa kitu. Krapf aliketi naye saa nyingi. Sisi hatukubaliani na alichomfundisha. Lakini swali letu kwa ndugu zetu wa pwani ni jingine: Rabai ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Mombasa, na misikiti ya Mombasa ilikuwapo karne nyingi kabla ya 1846. Mringe alikaa pale miaka yote, na hatuna khabari ya mwanachuoni aliyekwenda kuketi naye.

Tuje sasa kwenye nchi ya Ukambani. Njaa kubwa iliyotokea Ukambani mwaka 1836 iliwasukuma Wakamba wengi kuja pwani, na baadhi yao wakabaki, wakajenga vijiji karibu na Rabai. Kwa hao Krapf akasikia khabari za nchi yao. Wakamba wakati ule ndio waliokuwa na nguvu katika biashara ya pembe za ndovu baina ya bara na Mombasa, na mkubwa wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mtu wa Kitui. Misafara ya Kivoi ilifika pwani na ilifika hata ng'ambo ya Mto Tana. Waswahili wa Mombasa walimjua vizuri sana, na mali nyingi ya mji ule ilipita mikononi mwake kabla ya kufika forodhani.

Mwezi wa Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwa miguu. Akavuka nyika ya Taru, ambayo haina maji, na alipofika karibu na Maungu, tarehe 10 Novemba, akauona mlima Kilimanjaro kwa macho yake na theluji yake, kama Rebmann alivyouona mwaka mmoja kabla yake. Akapita nchi ya Kikumbuliu, ambayo ndiyo pande za Kibwezi katika Makueni ya leo, akavuka Mto Athi, akapanda uwanda wa Yatta, na mwisho wa mwezi akafika kwa Kivoi huko Kitui. Mwenye kuzijua sehemu hizo katika mwezi wa Novemba ajua kwamba mvua ikichelewa ni vumbi na miba tu, na mvua ikija mito inafunga njia.

Kivoi alimpokea vizuri. Akamwambia kwamba ameufikia mlima wa Uchaga wenye weupe juu yake, na kwamba uko mwingine, uitwao kwa lugha ya Wakamba Kiinyaa, umbali wa siku kadha kutoka Kitui. Mawingu yalizuia siku nyingi. Tarehe 3 Desemba 1849 mbingu zikafunuka, na Krapf akauona, na pembe zake mbili zimesimama juu ya mlima mpana. Wataalamu wa ramani walioketi London, na mkubwa wao ni Cooley, walisema kwamba theluji chini ya jua la ikweta haiwezekani, wakamfanyia mzaha. Mzaha ule ulidumu miaka kadha, kisha wasafiri wengine wakaja wakaona. Nchi nzima ya Kenya imepata jina lake kwa neno lile la Wakamba alilolisikia Krapf nyumbani kwa Kivoi, naye akaliandika kwa kadiri sikio lake la Kijerumani lilivyoweza.

Sasa tuje katika safari ya pili, nayo ndiyo khasa tuliyokusudia.

Mwezi wa Julai 1851 alitoka tena Rabai kwenda Ukambani, akikusudia kujenga kituo huko Yatta. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi. Yatta hakupata alichotaka, akaendelea mpaka kwa Kivoi, na Kivoi akamchukua katika safari ya kwenda Mto Tana na nchi ya Wambee kutafuta pembe. Mwishoni mwa Agosti, na mto umekaribia sana, wanyang'anyi wakawatokea kutoka msituni wakirusha mishale. Krapf alifyatua bunduki yake hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu. Watu wakatawanyika. Kivoi akauawa pale pale, na baadhi ya waliokuwa pamoja naye.

Krapf alikimbia na waliokimbia. Wakafika penye handaki, Wakamba wakaruka. Yeye akaitupa bunduki yake ng'ambo, kitako kikavunjika, na aliporuka mwenyewe akaanguka ndani. Alipotoka, wenziwe wameshakwenda. Hana kiongozi wala chakula wala maji, na kijiji anachokijua kiko mwendo wa siku kadha. Mbele yake maadui. Nyuma yake nyika na vifaru.

Kiu ikamshika hata akaona heri ajihatarishe. Akaufuata mstari wa miti mpaka akafika kwenye Tana, akanywa. Chombo cha kuchukulia maji hakuwa nacho. Akaijaza maji ala ya ngozi ya darubini yake, akaijaza mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Mchana akajificha na usiku akatembea, akiangalia nyota na upepo. Miba iliipasua nguo yake na kuvuta vizibo vya majani, na maji ya bunduki yakamwagika gizani asijue. Ya ngozi nayo yakaisha. Kwa njaa akajaribu kula majani na mizizi, akajaribu hata baruti ya bunduki, na vikonyo vya mti fulani ambavyo vilimwumiza tumbo.

Katika hali hiyo, akipita katika bonde la mto mkavu, alisikia nyani wakilia. Akajua kwamba palipo na nyani katika bonde hapakosi maji. Akafuata sauti, akakuta shimo walilolichimba nyani kwa mikono yao katika mchanga, na maji yamo.

Wasomaji wetu hawana haja ya kukumbushwa khabari za Bibi Hajar na mwanawe katika bonde lisilo na mmea. Twasema tu kwamba Mola aliyemtolea mama yule maji mchangani hakushindwa kuwatumia nyani kumwonyesha maji mtu wa dini nyingine aliyemwita kwa dhiki. Na wenyeji wa Kitui wanaoishi kando ya mito ya mchanga hawatalistaajabia shimo lile. Kina mama wa huko tangu zamani hufukua mchanga wa mto mkavu kwa vibuyu, wakangoja maji yapande polepole, na wakati wa kiangazi huenda usiku kwa sababu foleni ni ndefu.

Basi akafika kwenye vijiji vya jamaa za Kivoi. Hapo ilikuwa dhiki nyingine, na hapa tunataka tusimame kidogo, kwani waandishi wengi wa Kizungu hupita mahali hapa haraka wakiwaita wale watu wakatili. Watu wale walikuwa wafiwa. Walikuwa wamempoteza mkubwa wao, na mtu wa kwanza kurudi kwa miguu yake alikuwa mgeni mweupe aliyesemwa kuwa ni mganga. Wakamwuliza: Kama u mganga, mbona hukumlinda? Na kama u rafiki, mbona hukufa pamoja naye? Kwa desturi yao mtu hamwachi mwenzi wa safari peke yake katika mauti. Twaona maswali yao yalikuwa ya uchungu kabla ya kuwa ya uadui. Msiba hutafuta mtu wa kumshika, na mara nyingi humshika aliye karibu na asiye na mtetezi.

Wakamzuia, na Krapf akafahamu kwamba roho yake inajadiliwa. Usiku akatoroka. Akatangatanga tena usiku baada ya usiku katikati ya mashamba na miba, bila ya maji, mpaka akaona hawezi kufika popote kwa njia ile. Ikambidi arejee mikononi mwa watu hao hao aliowakimbia. Na ajabu ni kwamba hawakumwua. Hasira zilikuwa zimepungua, walikuwapo waliomwonea huruma, wakamwachia aende zake na sehemu ya vitu vyake. Jambo hilo halisifiwi vya kutosha. Watu waliofiwa, wenye silaha na wingi, walimwacha hai mtu waliyekuwa wakimlaumu, naye hana chochote cha kuwatisha. Ikiwa Mwenyezi Mungu alimhurumia Krapf kwa maji ya nyani, basi alimhurumia mara ya pili kwa mioyo ya Wakamba, na hiyo ya pili kwa maoni yetu ndiyo kubwa.

Alishuka kwa njia ya Yatta, akafika Rabai akiwa amekonda na nguo zimechanika. Huko na Mombasa ilikuwa imekwisha enea khabari kwamba ameuawa, hata waliomwona walidhani wanaona mzuka. Kituo cha Ukambani hakikujengwa.

Yaliyobaki twayaeleza kwa ufupi. Afya yake ilivunjika, na mwaka 1853 akaondoka pwani. Alirudi kwa muda mwaka 1862 kuwasaidia wamishonari wa Methodisti huko Ribe, na mwaka 1867 akafuatana na jeshi la Waingereza Uhabeshi kwa ukalimani, lakini maradhi yakamrudisha kwao. Alioa tena, na mke huyo naye akafariki kabla yake. Miaka yake ya mwisho alikaa Korntal, Ujerumani, akiandika kamusi ya Kiswahili. Na liko jambo ambalo wengi wetu hawalijui: mtu huyu aliyekuja kuipinga dini yetu alikusanya miswada ya tenzi za Kiswahili za wazee wetu Waislamu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazipeleka Halle, Ujerumani, mwaka 1854, zikahifadhiwa maktabani. Miongoni mwake mlikuwamo utenzi wa Herkali. Wakati huohuo nyumba nyingi za pwani ziliacha miswada kama hiyo kwa mchwa.

Alifariki mwezi wa Novemba 1881. Asubuhi ya tarehe 26 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kuomba. Kamusi yake ilipigwa chapa London mwaka uliofuata. Kaburi la Rosine na mwanawe liko mpaka leo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara kama alivyotaka. Na la Eneba liko katika jangwa la Washoho, halijulikani mahali pake ila na aliyemwumba.